Mwanamke wa Kikima

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai ya kuazima. Mchungaji Kiongozi wa Kitui, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha kanisa zima, alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Umemaliza Form Four?"

"Ndiyo, Mchungaji."

"Umeoa?"

"Bado."

"Na ndiwe mshauri wetu wa ndoa. Haya, afadhali. Utasikiliza. Walio na wake hujibu kabla ya kuulizwa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi hii mwishoni mwa miaka ya sitini, nyinyi mnaosoma haya mkiwa bado hamjazaliwa. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza ni kikao cha pande mbili: kila mmoja asikizwe peke yake, ndipo wawili waketi pamoja. La pili alilisema akifunga Biblia: "Usiulize habari za kitanda kabla hujauliza habari za jiko." Mimi nilidhani alikuwa anasikia njaa.

Baadaye, nikiwa nimeoa, nilihamishiwa Mbooni. Jamani, ile milima! Mshauri alitakiwa kutembelea nyumba za watu, na nyumba za watu zilikuwa huko juu. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa; nikiona mlima naona sababu ya kukaa. Kwa hiyo nikatangaza kanisani kwamba vikao vitafanyika kwangu, "kwa ajili ya utulivu." Mke wangu, Mama Syombua, alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alikubali kupikia wageni.

Ndipo akaja Mbithe. Alikuwa mkulima, mama wa watoto wawili, na nguo zake alikuwa ameshazifunga ndani ya leso. Mumewe, Nzioka, alikuwa mchimba visima, mtu asiyejulikana kusema "aa" hata jiwe likimwangukia mguuni.

"Mwalimu," Mbithe aliniambia katika kikao chake, "hajala chakula changu tangu mvua iishe. Nikipika muthokoi anasema ameshiba. Ameshibia wapi? Watu wamemwona hotelini kwa yule mjane wa soko la Kikima. Mwanamume akikataa sufuria ya mke wake, ana sufuria ingine mahali. Jumamosi narudi kwa mama."

Kwetu Ukambani hilo si jambo dogo. Mke ambaye chakula chake kinakataliwa ameambiwa mbele ya watu wote kwamba hatakiwi.

Nzioka naye, katika kikao chake, alitoa maneno matatu: "Sina mwanamke mwingine."

"Basi kwa nini huli kwako?"

Akatazama dari. Nikamsomea mistari juu ya uaminifu. Nikamsomea mingine. Alitazama viatu vyangu kwa huruma.

Nikawaita pamoja Ijumaa, siku moja kabla ya leso ile kuondoka. Kufika saa sita, mistari yote niliyoijua ilikuwa imeniishia. Mama Syombua akatuokoa kwa chakula: muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, pamoja na maharagwe, ya moto kabisa.

Kukataa chakula mbele ya mwenyeji ni matusi, na Nzioka alikuwa mtu wa adabu. Akachukua kijiko kimoja. Akatafuna mara moja. Machozi yakamjaa.

Mimi nikajua ni toba. Nikainua mkono, nikafumba macho: "Ee Bwana, umeuona moyo uliovunjika—"

"Mwalimu," Nzioka akasema akiwa ameshika shavu, "ngoja kuomba. Ni gego."

"Ni nini?" Mbithe akauliza.

"Gego. Huyo mwanamke wa Kikima unayemtafuta yuko hapa." Akaonyesha shavu la kushoto. "Kule hotelini nalowesha mandazi kwa chai. Hayo tu ndiyo yanapita."

"Asi! Na hukuniambia?"

"Ungesema niende hospitali."

"Na ungeenda!"

"Ndiyo maana."

Mwanamume aliyepita jandoni bila kupepesa jicho angeanzaje kusema kwamba anaogopa koleo la daktari wa meno? Afadhali aitwe mzinzi. Mbithe alicheka, kisha akalia, kisha akampiga begani kwa ile leso. Jumamosi alimpeleka mumewe hospitali badala ya kurudi kwa mama yake. Daktari alisema usaha ulikuwa umeanza kushuka kwenye taya, na kwamba kama wangechelewa zaidi, angekuwa anawapa habari ya msiba. Mbithe alimshika mkono mpaka jino likatoka. Sauti aliyoitoa Nzioka, nasikia, ilifika sokoni.

Nilipotoa habari kwa Mchungaji Kiongozi kule Kitui, aliuliza, "Umewapatanisha kwa andiko gani?"

"Kwa maharagwe, Mchungaji."

Hakucheka. "Basi usitafute dhambi tena," alisema, "kabla hujauliza mtu anaumwa wapi."

Nikauliza hivyo mpaka nilipostaafu miaka ya tisini. Wengi walikuwa na dhambi kweli, lakini si wote. Siku ya kuniaga, Mbithe ndiye aliyepika, na Nzioka alicheka mdomo wazi, pengo lote nje.

Sasa niko nyumbani, mahali nilipotaka kuwa tangu mwanzo. Juzi Mama Syombua aliniwekea muthokoi. Nikausukuma sukuma kwenye sahani, nikasema nimeshiba.

Akaweka kijiko chini. "Baba Syombua, huyo mwanamke wako yuko upande gani? Kushoto au kulia?"

Nikamwonyesha.