Mluzi Ambao Fundi Hakuusikia

Mtaa mzima wa gereji ulimwita Stereo, na jina hilo alilivaa kama kofia ya sherehe. Mletee gari lenye redio inayokoroma, atafumba macho, ainamishe kichwa, kisha aseme: spika ya nyuma kulia imechanika. Au: nyaya za mlango huu zimepishana, ndiyo maana besi imekimbia. Ukifungua, ndivyo. Miaka nenda rudi alikaa ndani ya magari yenye spika kubwa kuliko viti, akizijaribu kwa sauti ya mwisho, maana wateja walitaka waone vioo vikitetemeka.

Siku hiyo alikuja mwalimu wa chekechea, mama wa makamo, mpole wa kusema. Stereo ndiye aliyemfungia redio wiki iliyotangulia. Mwalimu akaeleza kwamba kuna mluzi mwembamba kwenye spika, unapanda kila anapokanyaga mafuta, unashuka akiachia. Stereo akaingia, akafumba macho, akakanyaga. Akasikia muziki, safi kama maji ya mtungi.

"Mwalimu," akasema, kwa sauti ya kuwafikia mafundi wa tairi ng'ambo ya barabara, "huo mluzi umetoka nao shuleni. Watoto wamekujaza masikio. Nenda kapumzike."

Mafundi wa tairi wakacheka hadi mmoja akaangusha spana. Mwalimu akatabasamu kama mtu asiye na pa kuuficha uso, akaondoka.

Kesho yake akarudi, wala hakuja kugombana. Alikuwa akimpeleka mama yake kliniki, bibi kizee asiyejua hata boneti hufunguliwa wapi. Akaomba tu fundi ajaribu tena, kwa sababu mama hawezi kukaa humo. Stereo akapanda ili yaishe. Akawasha, akakanyaga mafuta. Kwenye kioo cha ndani akamwona bibi akiziba masikio kwa viganja. Akaachia. Viganja vikashuka. Akakanyaga tena, vikapanda. Bibi mwenyewe alikuwa akitazama dirishani, hana habari na mguu wa mtu.

Stereo akafumba macho, akasikiliza kwa nguvu zake zote. Muziki tu.

Uso ukamwaka moto. Akamkumbuka mkewe, anayelalamika kila siku kwamba simu inalia mezani na yeye Stereo anaiangalia kama jiwe. Alidhani ni maneno ya nyumbani.

Kazi yenyewe aliijua. Mluzi unaofuata injini hutoka kwenye alteneta, ile inayochaji betri, na huingia kwenye redio pale waya wa hasi usiposhika chuma vizuri. Akafunua zulia. Waya ulikuwa umefungwa juu ya rangi ya gari, kwa haraka, na bolti ilikuwa ya kwake. Akaikwangua ile rangi hadi chuma king'ae, akakaza. Ila kama mluzi umekwisha, hakuwa na njia ya kujua.

Akarudi kwenye usukani, akakanyaga mafuta. "Bibi," akasema taratibu, "nikikanyaga hivi, bado unasikia kitu?"

"Sasa nasikia wimbo," bibi akajibu. "Kwani wewe husikii, mwanangu?"

Ng'ambo, nyundo za tairi zikanyamaza. Mzaha ulikuwa tayari ulimini mwake, mzuri, wa kuwachekesha wote. Akaumeza.

"Sisikii, bibi. Hata jana sikusikia, nikamcheka binti yako mbele ya watu." Akamgeukia mwalimu, asiweze kuinua macho kupita mabega yake. "Nisamehe, dada. Kosa lilikuwa langu, na waya pia niliufunga vibaya mimi."

"Pole, fundi," mwalimu akasema, basi. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Mwalimu na mama yake hawajatokomea, dereva wa teksi akapiga honi: spika zake zinakwaruza, na Stereo atege tu sikio amwambie ipi. Stereo akafungua mlango wa abiria, akakaa.

"Sauti nyembamba sizipati tena," akasema. "Wewe sikiliza, uniambie. Mimi nitatafuta."

Dereva akawageukia mafundi wa tairi, akingoja kicheko. Wao wakainamia tairi zao.