Vifungo Saba vya Wifi Yangu

Wifi yangu alishinda na pini mdomoni, kwa hiyo watu walimdhania mpole. Hakuwa mpole hata kidogo, alikuwa anasubiri kuzitoa. Nilikaa naye karakana moja ya ushonaji miaka thelathini na mmoja, yeye akikata nguo, mimi nikipiga pindo na kutoboa vitundu vya vifungo. Mimi nimemaliza darasa la saba na hesabu zangu hazikuwahi kurudi na wino mwekundu, kwa hiyo haya ninayoyaandika niliyahesabu mwenyewe.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Vyerehani vinne, pasi ya mkaa, meza ya kukatia iliyoinuliwa mguu mmoja kwa kipande cha tofali, na kopo la vifungo. Basi. Humo ndimo zilimotoka ada za watoto wote, wake na wangu.

Mwaka huo shule mpya ilikuwa inajengwa juu ya barabara yetu. Ikifunguliwa Januari, pamoja na ile ya zamani, zingetakiwa sare mia nne. Isipofunguliwa, ni zile mia na ishirini za shule ya zamani tu. Rangi yenyewe kahawia mbaya, mtu mwingine asingeivaa hata kwa kulipwa. Na mwenye duka la vitambaa alikuwa anauza akiba yote wiki ile ile, mzigo mwingine hadi katikati ya mwaka.

Kaka yangu, mumewe, alikuwa ameshawaka moto.

"Chukua cha mia nne! Tuweke vyerehani viwili rehani. Nimeona kwa macho yangu, wameshapaua."

"Kupaua ndiyo kufungua?" nikamwambia. "Wewe hata harusi yako ulialika watu kabla hujakubaliwa. Chukua cha mia na ishirini, tulale usingizi."

"Dada, wewe ungeachiwa ungeshona suruali mguu mmoja kwanza, uone kama italipiwa."

Wifi akatoa pini, moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake.

"Mmemaliza? Shule itafunguliwa?"

Kaka akakuna kichwa, mimi nikaokota uzi sakafuni.

"Hamjui. Na mimi sijui. Basi niambieni kitu mnachokijua: tukikosea, tutalia kiasi gani?"

Akamwaga kopo mezani. Sare moja ikiuzwa, faida yake ilikuwa sawa na hasara ya sare moja ikibaki, kwa hiyo akasema kifungo kimoja ni kilio cha sare ishirini.

"Mume wangu, tukate mia nne, shule isifunguliwe. Mia mbili na themanini zimebaki." Akahesabu vifungo kumi na vinne mbele yake. "Na vyerehani viwili vimekwenda. Wifi, tukate mia na ishirini, shule ifunguliwe. Watoto mia mbili na themanini watapita mlangoni hapa wamevaa kazi ya fundi mwingine." Kumi na vinne mbele yangu pia. Niliviona vingi, sitawaficha.

"Sasa tukate mia mbili na sitini. Isipofunguliwa, mia na arobaini zinabaki. Ikifunguliwa, mia na arobaini zinatupita." Akaweka saba huku, saba kule. "Vyovyote itakavyokuwa, hatulii zaidi ya saba. Na pesa za kitambaa hicho ninazo, siweki cherehani rehani kwa mtu."

Kaka akanung'unika kwamba hapo hakuna anayefurahi. Akamjibu, "Sikutafuta furaha. Natafuta kilio tutakachokimudu." Akashika mkasi.

Januari ikafika. Mafundi wa ile shule walikuwa wamegombana na kamati, milango haikuwekwa, shule haikufunguliwa mwaka ule. Sare mia na arobaini zikapanda rafuni. Tulibana matumizi hadi nikasahau ladha ya sukari kwenye chai. Na mimi, kwa kiburi changu, nikamwambia mbele ya kaka:

"Ningesikilizwa mimi, isingebaki hata moja."

Hakukasirika. Alikuwa anatunga vifungo saba kwenye uzi.

"Kweli, wifi. Lakini hukujua. Uliogopa tu, na ulichokiogopa kimetokea. Si kitu kimoja. Nikirudishwa siku ile, nikijua kile kile nilichokijua, nakata mia mbili na sitini."

Nikarudi kwenye pindo langu. Kaka naye akavitazama vile vyerehani vinne, viwili kati yavyo vingekuwa vya mtu mwingine kama angesikilizwa yeye, akachukua chupa ya mafuta akaanza kuvilainisha kimoja kimoja bila kuambiwa.

Wifi akautundika ule uzi msumarini, juu ya cherehani chake. Siku hizi kinaendeshwa na bintiye. Mteja akija na oda isiyoeleweka, yule binti hasemi ndiyo wala hapana. Ananyoosha mkono, anachukua kopo.