Mkate Haujachacha

Harufu ya iliki na tui la nazi ikinikuta popote, hata sokoni Woolwich huku ughaibuni, katikati ya watu, hunirudisha kwenye nyumba yetu ya Thamesmead: nina miaka minane, sanduku la mgeni linafunguliwa na mama ameshapiga magoti. Sisi watu wa Unguja, anayesafiri hasafiri peke yake. Atabebeshwa vitu vya nusu mtaa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitutumia mkate wa kumimina. Mkate ule wa mchele hauna subira, ukicheleweshwa kidogo tu umechacha. Basi Bibi aliuoka alfajiri ya siku ile ile ya safari, akaufunga kwenye kanga, nasi tukaula asubuhi ya pili yake huku mvua inapiga dirisha. Mama aliumega, akanusa, akacheka: "Haujachacha! Kumbe si mbali hata." Nami nikaamini. Mwalimu alipotuonyesha kwenye ramani Afrika ilivyo mbali, nilimwona mwongo mkubwa.

Asubuhi moja ya baridi kali, simu ililia tukivaa viatu vya kwenda shule. Alikuwa mjomba Salim. Mama alisikiliza, kisha akakaa chini pale pale sakafuni. Bibi alikuwa ameanguka jikoni, amefariki, na maziko ni alasiri.

"Nisubirini," mama alisema. "Nakata tiketi sasa hivi. Nimwone uso tu, Salim."

Nilimsikia mjomba akilia ndani ya simu. "Dada yangu, maiti hacheleweshwi, unajua wewe. Hata ukipanda ndege saa hii, utafika kesho."

"Mkate unafika, mimi nisifike?"

Kwetu mtu huzikwa siku yake, na mama asingekubali maiti wa mwingine asubirishwe. Lakini huyu alikuwa mama yake. Alishinda amekaa na koti lake mwilini, na kila nilipomwomba alivue aliniambia ngoja kwanza. Kule ilipofika alasiri, huku kwetu bado mchana, alisimama akainua mikono kuomba dua, ikamshinda, akalia kwa sauti. Sijapata kuogopa vile.

Kesho yake mlango uligongwa. Alikuwa Bi Zuhura, jirani yetu aliyekwenda Unguja kutembea, ametoka moja kwa moja uwanja wa ndege. Maskini, aliondoka kule Bibi angali hai, na njiani hakuna aliyemwambia kitu. "Mama yako mzima, mashaallah!" alisema akicheka. "Kanifuata mwenyewe kuniaga. Anakusalimu sana." Akatoa kanga.

Mama hakumwambia papo hapo. Alimkaribisha, akampokea koti, akammiminia chai. Kisha akafungua kanga, akaumega mkate, akanusa. Haukuwa umechacha. Akatugawia sote, na safari hii hakucheka. "Kuleni," alisema. "Halafu nina neno nataka kumwambia Bi Zuhura."

Siku hizi ndege zimezidi, na simu inakuonyesha maziko ukiwa umekaa kitandani kwako. Watu wanasema dunia imekuwa ndogo. Haya, labda kwao. Mama bado yuko Thamesmead, mimi nimehamia Tottenham, upande wa pili wa jiji, na kati yetu ni treni na mabasi mpaka mtu achoke. Akioka mkate ule, kaka yangu mwenye gari hujitolea kuniletea. Namkatalia. Watoto wangu wananung'unika kwa Kiingereza chao, eti twende mbali kote huko kwa sababu ya mkate? Nawaambia vaeni viatu. Mkate utafika tu. Nataka nifike mimi.