Milango Mitatu ya Mama

Kwetu kodi ilihesabiwa kwa milango. Tembe zetu za Singida zilikuwa ndefu, za udongo, paa limelala bapa, na mwanamume mwenye wake wengi alimtengea kila mke sehemu yake na mlango wake. Wakubwa wa Mwingereza wakaona hesabu ni rahisi: mlango mmoja, nyumba moja, kodi moja. Sisi mlango wetu ulikuwa mmoja, tena mfupi, wa mabua yaliyofungwa kwa kamba. Mtu mzima akitaka kuingia, shurti ainame.

Nalisema hili mapema, maana mimi ndiye niliyeufanya mlango ule ukawa mitatu.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kodi haikufariki naye. Ilimhamia Mama, mjane mwenye watoto watatu, shamba la uwele, na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa mgonjwa mgonjwa, tumbo lake halikubali chakula chochote ila maziwa ya ng'ombe yule. Ukimgusa ng'ombe yule, ulimgusa mtoto.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili katika shule ya misheni, na majivuno yangu, jamani, hayakuwa na kipimo. Nyumbani tulisema Kinyaturu. Kiswahili kilikuwa cha shule na cha boma. Wiki ile ya kuandikisha nyumba mwalimu wetu, mtu wa pwani, alikuwa ametufundisha kwamba mlango si wa nyumba tu, hata ukoo una milango, yaani matawi yake. Nililipenda neno lile kupita kiasi. Nilikwenda nalo kisimani, nikarudi nalo, nikitafuta mtu wa kumwonyesha.

Basi nikampata. Siku ya kuandikisha nyumba tuliitwa kwa jumbe wetu, yule aliyetawala vijiji vya upande wetu kwa niaba ya serikali. Jumbe mwenyewe alikuwa ndani anakunywa pombe ya mtama na wageni wake. Nje, kivulini mwa ukuta, alikaa karani mgeni mwenye miwani na daftari, asiyejua hata salamu ya Kinyaturu. Sheria ilimtaka apite nyumba kwa nyumba aone kwa macho yake. Lakini jua lilikuwa kali na kiti kilikuwa kizuri.

"Shikamoo, Bwana karani," nikasema.

"Marahaba. Kwenu kuna milango mingapi?"

Nikafikiri: msomi wa namna hii, mwenye miwani, anaweza kuuliza habari za mlango wa mabua? Hawezi! Anauliza ukoo. Na ukoo wa Baba ulikuwa na milango mitatu, ya wake watatu wa babu mkubwa. Wala sikumgeukia Mama kumtafsiria. Nikainua kidevu.

"Mitatu, bwana!"

Mama alisikia "tatu", akadhani tumeulizwa watoto. Akaitikia kwa kichwa. Karani akaandika, kisha daftari likapelekwa ndani, jumbe akatia muhuri wake bila kuuliza neno. Mimi nilirudi nyumbani nikiruka ruka.

Mama aliuza uwele akalipa kodi ya mlango mmoja, akafunga cheti chake kwenye pindo la kaniki. Miezi michache baadaye akaja tarishi wa jumbe na vijana wawili. "Una milango mitatu, umelipia mmoja," akasema, akaenda zizini kufungua kamba. Mama alimfuata akimwonyesha nyumba kwa mkono, akimsihi azunguke aone. Tarishi akajibu kwamba yeye hakutumwa kuona, ametumwa kuchukua. Ng'ombe wetu alipelekwa mnadani siku ile ile. Na mimi, niliyejua tangu neno la kwanza kosa limetoka wapi, niliingia nyuma ya kilindo cha nafaka nikajikunyata.

Siku zile mdogo wetu alikunywa uji mwepesi na kuutapika. Mama alizunguka na kibuyu akiomba maziwa kwa majirani, leo hapa, kesho pale. Watu walikuwa wema, lakini kiangazi kilikuwa kimewakausha ng'ombe wao pia. Mtoto akawa macho tu.

Ndipo tukasikia Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, anakuja kufanya baraza kwa jumbe. Mama akajitanda kaniki, akambeba mtoto mgongoni, akaniambia twende, mimi nitamtafsiria. Mwanamke kusema barazani! Tulipofika kwenye majabali ya njiani nikashindwa, nikaketi chini nikalia, nikamwambia yote: neno la mwalimu, milango ya ukoo, kidevu changu juu.

Nilingoja kofi. Mama alinitazama, kisha, sijui nieleze vipi, akacheka kidogo.

"Kwa hiyo ulimpa hesabu ya wafu," akasema. "Simama. Ukiulizwa, sema ulivyosema. Usipunguze."

Barazani watu walijaa, wazee mbele, wengine juu ya mawe. Bwana Shauri aliketi mezani, jumbe kulia kwake katika kanzu nyeupe na kofia nyekundu. Wengi walikuwa na malalamiko ya kodi. Tulilipa kila mwaka, na barabara pekee tuliyoiona ni ile iliyomleta mkusanya kodi. Lakini siku ile kila mzee aliyeinuka alisifu mvua, akashukuru, akaketi. Wallahi, hata waliochukuliwa mbuzi walishukuru!

Mama akasimama. Minong'ono ikaanza. Alisema kwa Kinyaturu, nami nikitafsiri kwa sauti ya mbu.

"Sikatai kodi. Nimelipia mlango wangu, cheti hiki hapa. Nimechukuliwa ng'ombe kwa ajili ya milango miwili mingine. Naomba nionyeshwe iliko, na mimi nipate kuipita."

Watu wakacheka, kisha wakaona jumbe hacheki, wakanyamaza. Jumbe akaninyooshea kidole.

"Bwana Shauri, binti yake huyu huyu ndiye aliyesema mitatu! Karani aliniambia, hakubuni. Mwulize!"

Macho yote yakanigeukia. Bwana Shauri akaniuliza kwa Kiswahili chake kizito kama ni kweli. Ningesema sikusema, nani angenikatalia? Karani alikwisha kuhamishwa. Lakini mkono wa Mama ulikuwa begani mwangu.

"Ni kweli, nilisema mitatu," nikasema. "Nilihesabu milango ya ukoo. Nilikosea. Kosa ni langu."

Jumbe akatabasamu, akaegemea kiti. Nikaona nimemzika mdogo wangu kwa mikono yangu.

Mama hakumtazama tena Bwana Shauri. Alimgeukia jumbe, akasema naye polepole, kwa heshima zote, kama anavyosema mtu na shemeji yake.

"Mtoto amekiri kosa lake mbele ya watu wote. Basi na wewe, baba, nikuulize. Siku ya msiba wa mume wangu ulikuja kwangu. Uliinama, kofia yako ikaanguka, nikakuokotea mimi mwenyewe. Ulikaa ukala, ukatoka. Uliingia kwa mlango upi, ukatoka kwa mlango upi?"

Nikatafsiri. Mwanamume yule, ambaye tarishi wake tu akipita watu wazima walitupa majembe wakasimama, alikuwa anaulizwa na mjane mwenye mtoto mgongoni, na baraza zima linangoja ajibu. Mwili ulinisisimka, na hata leo ninapoandika unanisisimka. Sikuwa nimejua kwamba mkubwa anaweza kuulizwa. Nilidhani ukubwa maana yake ni hiyo, kutoulizwa.

Jumbe alivua kofia, akaishika mapajani. Angeweza kusema hakumbuki.

"Ni mmoja," akasema. "Mlango ni mmoja. Nilijua. Sikulisoma daftari."

Mzee mmoja nyuma akaguna "Ala!", si kwa hasira, kwa mshangao. Nami nilishangaa kuliko wote. Kwa miaka mingi nimewapima viongozi kwa neno lile la kukiri, na wengi, wenye shule kuliko jumbe, sijawasikia wakilitamka.

Ng'ombe wetu alikwisha kuuzwa, hakupatikana. Jumbe akasema, kabla Bwana Shauri hajaamua lolote, Mama aende zizini kwake achague. Watu wakatusindikiza, kelele tupu. Palikuwa na jike jeusi, kubwa, lina ndama na kiwele kimejaa. "Huyo! Chukua huyo!" wakapiga kelele, na jumbe mwenyewe akaitikia. Mama akawapita, akamshika mwekundu mmoja wa kimo cha wetu, anayekamuliwa, asiye na ndama.

Jirani mmoja akamshika mkono. "Wewe una wazimu? Una mtoto mgonjwa, unaachaje ndama wa bure?"

Mama akanipa kamba niifunge.

"Nilichukuliwa ng'ombe mmoja," akasema. "Nikiondoka na wawili, mwakani nani ataniamini nikisema mlango wangu ni mmoja?"

Akachuchumaa hapo hapo zizini, akamfungua mtoto mgongoni akanipa mimi nimpakate, akaanza kukamua.