Kiganja Changu Ukutani

Harufu ya udongo mbichi ilinikuta mlangoni kwa mdogo wangu, na hasira ikanipanda kabla sijavua viatu. Fundi wa mapambo alikuwa amesafiri hadi vijijini Mitwaba, eti kutafuta mawazo, na sasa alikuwa akichora ukuta wa sebule kwa vidole, kwa udongo mwekundu na pemba, ule udongo mweupe.

Nkambo, bibi yetu, mama yake papa, alikuja kwetu mjini Kampemba nikiwa mtoto, kutoka huko huko Mitwaba. Alipaka ukuta wetu vivyo hivyo, kisha akabonyeza kiganja changu chini ya michoro yake, maana kwao ukuta haujakamilika bila mkono wa mtoto wa nyumba. Papa aliporudi kutoka kazini alifoka: “Mama, huku haiko mu vilaje! Bantu batasema nini? Sukula yote!”

Nkambo aliosha mwenyewe. Maji nilimletea mimi. Kiganja changu alikifuta mwisho.

Leo papa, mzee sasa, alikuwa ameketi mbele ya ukuta wa fundi, akitabasamu.

“Angalia, mutoto yangu. Iko muzuri sana.”

Nilikwenda jikoni, nikajaza ndoo maji hadi ukingoni, nikaiweka miguuni pa papa.