Kiti cha Nyuma Kabisa

Kila yadi ya magari waliyoingia mume na mke hao, mume alifanya yale yale. Hakufunua boneti wala kuuliza gari limetembea kiasi gani. Alipanda moja kwa moja hadi kiti cha nyuma kabisa, akakunja miguu yake mirefu mahali pa mtoto, akafunga mkanda, akaufungua, kisha akahangaika kutoka bila kusaidiwa. Viganja vyake viliacha unyevu kwenye vioo. Mkewe, tumbo likimtangulia, alisimama kando akiona haya mbele ya wauzaji.

Siku hiyo walibaki na magari mawili ya kuchagua: toleo la zamani, lililotumika, lenye mlango wa kuvuta kwa mkono, na toleo jipya, ambalo mlango wake hufunguka kwa kitufe. Mumewe alikuwa amejikunja kwenye kiti cha nyuma cha lile la zamani. "Kaka, chukua jipya," muuzaji alimshawishi. "Dereva anabonyeza tu, watoto wanashuka."

"Na dereva asipoweza kubonyeza?"

Muuzaji alicheka. Mume hakucheka. "Nikizimia kwenye usukani, wanangu watatokaje?"

Mkewe alisogelea dirisha la gari. "Ulizimia lini, baba watoto?"

"Mara mbili. Kazini." Hakumwangalia, vidole vyake viliendelea kufunga na kufungua mkanda.

Mkewe aliuvuta mlango, ukafunguka kwa mkwaruzo, akampa mkono ashuke. Kisha akamgeukia muuzaji.

"Nipe ufunguo wa hili tulijaribu. Naendesha mimi, na tunapitia hospitali."