Zahanati Tuliyoipaka Chokaa

Juzi fundi alikuja kupaka ukuta wangu chokaa, na ile harufu mbichi ilipopanda ilibidi nikae chini. Kama ulikulia pande zetu za Nyamasaria, pengine unaikumbuka zahanati ya zamani, ile iliyofungwa kabla hatujazaliwa, ikabaki na nusu ya paa na popo wasiohesabika.

Mwaka mmoja wa utoto wangu mto ulifurika ukabeba darasa letu, mwalimu akawa anatufundishia juani. Nyanya yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dani, alikuwa mfagiaji wa zahanati ile enzi za ujana wake. "Ile zahanati iko tupu, na watoto wako hapa nje," alimwambia mwalimu. "Sasa wanaungua kwa nini?" Akaenda kwa chifu, akarudi na ufunguo.

Tulianza Jumamosi. Akina mama walikwangua kinyesi cha popo kwa majembe, vitambaa puani. Jirani yetu seremala alipanda juu na mabati makuukuu aliyoyapata sokoni Kibuye. Sisi watoto tulichota maji na kukoroga chokaa kwenye pipa. Mikono ilituwasha hadi tukashindwa kushika chakula, Dani akatulisha mwenyewe, tonge la ugali na omena, mmoja baada ya mwingine.

Chumba cha kujifungulia kikawa darasa letu. Kwenye chumba cha dawa akina mama wakaweka cherehani mbili. Alasiri, sisi tukitoka, wazee waliingia kujifunza kusoma, magoti yao yakigonga madawati yetu. Dani alikuwa mmoja wao. Siku alipoandika jina lake ubaoni, mwalimu alikataa kulifuta. Wiki nzima tulifanya hesabu pembeni mwa jina hilo.

Kisha wakaja watu wa barabara, wakachora X nyekundu kwenye ukuta wetu mweupe. Dani alimfuata mkubwa wao hadi garini.

"Bwana, hii nyumba tumetengeneza na mikono yetu. Watoto wataenda wapi?"

"Mama, barabara ilipimwa kitambo. Mimi natumwa tu."

"Basi niambie nani amekutuma, niende kwake."

Alimtajia ofisi moja mjini. Dani alikwenda mara nne, amevaa nguo yake ya kanisani. Kila mara aliambiwa mwenye faili ametoka.

Tingatinga lilikuja Jumanne, tukiwa katikati ya somo. Mwalimu alitutoa nje tumeshikana mikono. Seremala aliwahi kung'oa mabati sita tu. Dani aliweka kiti mlangoni akakaa. Vijana wawili walimbeba na kiti chake, polepole, huku wakimwomba msamaha. Nadhani hilo ndilo lililomvunja: hakupata hata mtu wa kumgombeza. Nilikuwa na miaka saba. Nilimshika mkono.

Hatukupata jengo lingine. Sisi tulitawanywa katika shule za mbali, na wazee wakaacha masomo. Dani hakushika kalamu tena. Hata karatasi za hospitali alirudia kuzitia dole gumba, akiangalia kando.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu nimwonyeshe mahali penyewe. Malori yalipita kwa kasi, vumbi likatufunika. Nilitembea mbele, nikarudi nyuma, nikasimama.

"Ni hapa, Mama?"

Nikamwambia ndiyo. Kusema kweli, sikujua.